Paji, Nimezifuta Namba Zako

Paji,

Nimezifuta namba zako. Nimeona nikuambie hilo kwanza, hata kabla ya salamu, kwa sababu hukupenda mtu azungukezunguke.

Leo ni Jumamosi, saa nne asubuhi, na niko kwako, mtaa wa Jamhuri, kwenye meza ya kulia, upande wa dirisha. Mama Simran yuko nje anaanika nguo. Nilipomwambia kwamba nataka kukuandikia barua hakushangaa. Alisema yeye huongea na wewe kila akichambua dengu, na kwamba wewe, mumewe, ulikuwa msikilizaji mzuri zaidi ukiwa haupo chumbani.

Miezi minane sasa. Ukiwa hai sikuwahi kukuandikia barua hata moja. Ungeitia kwenye kompyuta ikusomee kwa kasi ile yako, halafu ungenipigia simu kunisahihisha. Hii hutaisikia, najua. Naiandika tu.

Nitaeleza na mambo ambayo wewe unayajua vizuri kuliko mimi. Akinyi ameomba nimsomee barua hii nikimaliza, na yeye hajui tulikoanzia. Akinyi nitamfikia.

Nilikuja ofisini Kilimani nikiwa nimetoka chuo, nikijiona ninajua kila kitu. Wewe ulikuwa mkubwa wa waandishi wa programu, Harbans kwenye karatasi, lakini ofisi nzima tulikuita Paji, kaka mkubwa, kwa kuwa binamu yako mdogo aliyekuwa mapokezi alikuita hivyo. Kazi ya kwanza uliyonipa ilikuwa kusoma programu uliyoiandika mwenyewe na kutafuta kosa. Nilitafuta siku mbili. Nilipolipata niliogopa kukuambia. Nilipokuambia, uliinuka ukawaita wote waje kwenye meza yangu waone, na ukasimama pale nyuma yangu ukitabasamu, ukisema, "Huyu ndiye atanirithi." Mimi nilidhani unatania.

Halafu macho. Presha ya macho haina kelele, ulisema baadaye, inakula kutoka pembeni. Tulikuona unagonga milango iliyofunguliwa nusu. Tulikuona unasogeza uso karibu na skrini, kila mwezi karibu zaidi. Siku ambayo hukuweza kusoma tena, ofisi ilikupa meza nzuri karibu na mapokezi na haikukupa kazi yoyote. Ulikaa hapo majuma matatu ukisalimia watu. Kisha ukaandika barua ya kuacha kazi, ukanipa niikague kama kuna makosa ya maandishi. Hakukuwa na kosa hata moja.

Mwaka mzima sikukuona. Nilipiga simu mara mbili tatu, Mama Simran akawa anajibu. Ndipo siku moja ukapiga wewe.

"Sasa, Njoki," ukasema, kana kwamba tuliachana jana. "Jumamosi unafanya nini? Kuja unisikilizie kitu."

Nilikuja. Ulinikalisha kwenye kiti hiki, ukafungua kompyuta, na sauti ya mashine ikaanza kusoma programu. Ulikuwa umejifunza kuandika upya kwa masikio, peke yako, mwaka huo wote. Nilisikiliza. Fungua mabano. Funga mabano. Fungua mabano ya mkunjo. Nukta mkato. Nafasi nne, nafasi nane. Katikati ya takataka hizo, hapa na pale, neno moja lenye maana, tena la Kiingereza.

"Umesikia?" ukaniuliza. "Nahesabu mabano siku nzima, kama mtu anachagua mawe kwenye mchele. Na ile lugha nyingine ya programu haina mabano, inataka nafasi mwanzo wa mstari. Nafasi nitaisikia aje?"

Ukaniambia unachotaka. Lugha ya kuandikia programu ambayo mtu ataielewa akisomewa mara moja, kwa Kiswahili, bila alama hata moja. Kila kitu kinachofunguliwa kifungwe kwa neno linalosema kinachofungwa: mwisho wa kama, mwisho wa rudia. Hata namba ziandikwe kwa maneno, kwa sababu mashine yako ikifika kwenye tarakimu ilizisoma kwa Kiingereza, na sikio likawa linaruka kama gari limeingia shimo.

Nilicheka. Nikasema kutengeneza lugha nzima ni kazi ya watu mia. Ukasema hapana. Ukanifundisha siku hiyo jambo ambalo chuo kilinifundisha vibaya. Kompaila, programu inayogeuza alichoandika mtu kuwa maagizo ya mashine, ina pande mbili. Upande wa mbele husoma alichoandika mtu, hukigawa maneno, huangalia kama kina mpangilio na maana, kisha hukiandika upya katika lugha ya katikati ambayo hakuna binadamu anayeipenda. Upande wa nyuma huichukua hiyo lugha ya katikati na kuigeuza kuwa maagizo ya mashine. Upande wa nyuma ndio mgumu, na huo ulikuwepo tayari, umejengwa na watu wengi kwa miaka mingi, na wameuacha wazi yeyote autumie.

"Jikoni wapishi wako," ukasema. "Sisi tunahitaji mtu wa kuchukua oda tu. Anayesikia Kiswahili."

Tukaiita Sikia. Tukaanza.

Wewe ulichukua sehemu ya kugawa maneno, mimi nikachukua ya mpangilio. Kila Jumamosi nilitoka Kilimani asubuhi na kukaa hapa hadi mchana. Ulikuwa unamimina chai mwenyewe, ukisikiliza kikombe kinavyobadilika sauti kikijaa, na hukuwahi kumwaga tone mbele yangu. Unakumbuka siku upande wa nyuma ulipokubali kazi yetu kwa mara ya kwanza? Programu ya mistari miwili. Miezi minne ya kazi, na kompyuta ikasema "habari ya asubuhi", basi. Hukupiga kelele. Uliomba niiendeshe tena. Nikaiendesha tena. Ukaomba tena. Mara ya nne Mama Simran akatokea mlangoni akajibu, "Nzuri," kwa kuwa alidhani kuna mgeni.

Namba ndizo zilikuwa fahari yako. Sehemu ile uliiandika bila mimi, na uliirudia mara kadhaa. Iliweza kusoma elfu tatu mia tisa arobaini na sita, laki na nusu, hata sufuri ukiiandika kwa tahajia mbili. Uliniambia hiyo ndiyo programu nzuri kuliko zote ulizowahi kuandika katika maisha yako, na zile za ulipokuwa unaona ukazihesabu humo.

Sasa sehemu ambayo ni yangu.

Nilipandishwa cheo. Nikawa na watu saba chini yangu, na mikutano, na simu ambayo haikulala. Jumamosi ya kwanza nilikuambia nimebanwa, na ilikuwa kweli. Ya pili ilikuwa kweli nusu. Baada ya hapo, Paji, nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi langu, Kilimani, dakika kumi na tano kwa gari kutoka hapa, nikakuambia niko kazini, nitakuja wiki ijayo. Nilichoka. Nilikuwa nimeanza kuona Sikia kama mchezo wa mzee mmoja ambaye dunia ilimsahau, na nilikosa ujasiri wa kukuambia hivyo. Wewe kila mara ulijibu, "Sawa, hakuna haraka." Ulikuwa unajua? Nimejiuliza mara nyingi. Mtu anayesikia kikombe kikijaa hashindwi kusikia uongo kwenye simu.

Ilikwenda hivyo karibu miezi mitatu. Kisha Simran, binti yako, akanipigia Jumatano moja nikiwa kwenye mkutano. Nilikata. Akapiga tena. Akasema moyo wako umesimama asubuhi hiyo, ukiwa umekaa kwenye meza, na kompyuta ilikuwa bado inasoma ulipokutwa.

Siku ya kukuaga nilikuja. Nilifunika kichwa, nikakaa na wanawake, nikala pale gurudwara, hekalu lenu, pamoja na watu ambao sikuwajua. Kila aliyeniuliza nimekujuaje nilimwambia nilifanya kazi chini yako. Sikusema zaidi. Nilitoka kabla Mama Simran hajanifikia.

Alinifikia mwezi uliofuata. Alikuja mwenyewe ofisini, na kompyuta yako ndani ya mfuko wa kununulia mboga. Aliiweka juu ya meza yangu.

"Mimi sijui kuifungua," akasema. "Simran hajui. Ikikaa nyumbani itakuwa vumbi. Harbans alisema ikitokea kitu, ni ya Njoki."

Niliipeleka nyumbani, nikaikalia wiki mbili. Nilipoiwasha ikaanza kusema, na sikuelewa hata silabi moja. Ulikuwa umeipandisha kasi hadi ikawa kama mvua kwenye mabati. Hiyo ndiyo ilinifanya nilie, Paji, si gurudwara. Kwamba ulikuwa unaisikia ile mvua na kuelewa kila tone. Nilipunguza kasi hadi nikaanza kushika maneno.

Ulikuwa umefanya kazi nyingi kuliko nilivyotarajia. Sehemu yangu niliyoiacha wazi ulikuwa umeijaza. Ujumbe wa makosa ulikuwa umeuandika wote upya. Mahali ambapo mimi niliandika kwa haraka "Kosa la 14", wewe uliandika sentensi: "Mstari wa sita, nimesikia kama, sijasikia mwisho wa kama." Na chini kabisa ya sehemu ya namba, mahali pa maelezo ambapo kompaila haisomi, kulikuwa na mstari mmoja: "Hapa pana tatizo la neno na. Namwachia Njoki, mpangilio ni kazi yake."

Uliandika hivyo katika miezi ambayo sikuwa nakuja.

Sikujua tatizo la na ni lipi. Nililijua siku Akinyi alipopiga simu.

Simu yako Mama Simran alikuwa hajaizima; aliiweka kabatini na kuichaji kila siku mbili. Siku moja ikalia. Mwanamke akamwomba Mwalimu Harbans. Mama Simran akamwambia kwamba umefariki. Yule mwanamke akasema pole, akasema jina lake ni Akinyi, yeye ni kipofu, na mwalimu amekuwa akimpigia kila Alhamisi kumfundisha kompyuta, mwaka mzima, hadi simu zikakoma, naye akangoja wiki nyingi kabla ya kupiga mwenyewe. Mama Simran akamwuliza kompyuta gani. Akasema Sikia.

Paji, hukuniambia. Hukumwambia hata mkeo. Alidhani zile simu za Alhamisi ni za binamu yako wa Kisumu.

Nilikwenda kumwona mjini. Anafanya kazi kwenye jengo moja la ofisi katikati ya jiji, ghorofa ya tatu, kwenye swichibodi. Simu zote za kutoka nje zinaingia kwake, naye anaziunganisha na vyumba vya ndani. Miaka kumi na tisa amekaa pale. Nilitaraji mwanafunzi mwenye huzuni. Nikakuta mama wa makamo, ameketi wima, hedifoni sikio moja, anaunganisha watu huku ananiambia nivute kiti na nisiguse waya wa kushoto. Alinitambua kwa sauti tu. Alisema wewe ulimwambia nina sauti ya mtu anayetembea haraka.

Aliniambia mambo yake bila kuyapamba. Swichibodi itaondolewa kabla ya mwisho wa mwaka; simu zitakuwa zinajiunganisha zenyewe. Ameambiwa atatafutiwa nafasi nyingine, na anajua nafasi hiyo ni ipi: kiti karibu na mlango. Ndiyo sababu alianza kujifunza. Alikuwa akiandika programu ya kutunza ekstensheni zote za jengo, yaani namba za simu za vyumba vya ndani, nani anakaa wapi, na asipopokea simu iende kwa nani. Alitaka awaonyeshe wakubwa kabla hawajaamua. Na programu ilikuwa imekwama wiki ile uliyokufa.

"Nimeandika unganisha mia mbili na tano," akasema. "Mia mbili ni sekretari wa mkurugenzi. Tano ni askari wa geti. Nataka asipokuwepo huyu simu iende kwa yule. Inanijibu, unganisha inataka vitu viwili, nimesikia kimoja."

Hapo nikaona. Sehemu yako ya namba ilikuwa imesikia mia mbili na tano kama namba moja. Na ilikuwa na haki, kwa sababu ndivyo tunavyohesabu. Neno lile lile linalounganisha vitu viwili ndilo linalojenga namba, na hakuna kitu katika sentensi kinachosema ni lipi. Nilirudi nyumbani nikiwa nimechangamka, Paji, nakiri. Nilidhani ni fumbo la kufumbua kwa akili.

Nilipoteza majuma sita. Sikutaka kugusa namba zako, kwa hiyo nikajenga juu yake. Nikaandika kanuni za kubahatisha: kama amri inataka vitu viwili, jaribu kuikata namba, na kama kila kipande ni ekstensheni, kikubali. Ikafanya kazi. Halafu Akinyi akaandika unganisha mia mbili na tano na kumi, akimaanisha ekstensheni mbili tu, na programu ikaunganisha watu watatu wasiohusiana, kimya kimya, bila kulalamika. Aligundua mwenyewe baada ya siku mbili. Hakukasirika. Alisema tu, "Mwalimu aliniambia hii mashine haitawahi kukisia. Kwamba isipojua, itaniuliza."

Ni kweli, ulinifundisha hivyo pia. Mtu anayeona akikisiwa vibaya anatazama skrini anaona. Yeye hana pa kutazama.

Nikamwuliza, basi tufanyeje? Sikuuliza nikitarajia jibu. Alikuwa kazini, simu zinaingia. Aliniinulia kidole ningoje, akapokea moja, akasema kwenye kipaza sauti, "Nakuunganisha na mbili sufuri tano." Akarudi kwangu.

"Sisi wa simu hatusemi mia mbili na tano," akasema. "Tulikatazwa siku ya kwanza. Laini ikiwa mbaya mtu anasikia mia mbili peke yake. Tunasema moja moja. Mbili, sufuri, tano. Mimi nilimfuata mwalimu kwa sababu ni lugha yake."

Miaka kumi na tisa alikuwa akisema jibu mara mia kwa siku.

Kwa hiyo kazi ilikuwa rahisi, na sikuweza kuifanya. Ukiandika namba tarakimu kwa tarakimu, kwa maneno, neno na linabaki na kazi moja tu ya kuunganisha. Hakuna kubahatisha. Lakini sehemu yako yote ingebidi itoke. Elfu, mia, laki na nusu, sufuri zako mbili. Ambacho kingeingia mahali pake ni mistari kumi na michache ambayo mtoto wa shule angeiandika. Nilifungua faili lile kila jioni nikitoka kazini, nikalifunga. Nilijiambia naangalia kama kuna njia nyingine. Hakukuwa na njia nyingine. Nilikuwa nimekuacha miezi mitatu ukifanya kazi peke yako, na sasa jambo la kwanza nililorudi kufanya ni kufuta kitu ulichokipenda.

Jumamosi iliyofuata nilikuja hapa nikamweleza Mama Simran. Nilimweleza yote. Ya namba, halafu ya kochi, na ya wiki ijayo. Alikuwa anakunja shuka. Hakuacha kukunja.

"Alijua," akasema. "Alisema umechoka na unaogopa kumwambia. Alisema ukimaliza kuogopa utarudi."

Akaniongoza hadi sebuleni, akanionyesha kwa mkono. Akaniuliza kama nakumbuka nyumba ilivyokuwa nilipoanza kuja. Kabati lilikuwa kule, kochi pale, meza hii ilikuwa katikati. Alisema baada ya kupofuka ulihamisha kila kitu mara nne. Kila ukigonga goti ulikuwa huombi radhi kwa kabati, ulilihamisha. Hata kabati la mama yako, lililotoka nyumba ya zamani ya Parklands, ulilitoa kabisa siku lilipokugonga mara ya pili, na yeye Mama Simran alilia, wewe hukulia.

"Harbans hakuweka kitu kwa sababu ni kizuri," akasema. "Kama kinaumiza mtu, kinatoka. Toa."

Nilizifuta hapa hapa, kwenye kompyuta yako. Nimehifadhi nakala, sikudanganyi. Iko kwenye faili peke yake, na juu yake nimeandika kwamba ni kazi ya Harbans, na kwamba inasoma Kiswahili sahihi. Lakini Sikia haiitumii tena. Ilichukua asubuhi moja. Nilipomaliza nilikuwa nasubiri kujisikia vibaya, nikasikia njaa. Mama Simran akanipa roti na achari yake ya embe, ile kali uliyokuwa unasema inafungua mapua.

Sasa nikupe habari zilivyokwenda.

Programu ya Akinyi ilipita. Si mara moja. Ilikataa mara ya kwanza kwa sababu alisahau mwisho wa rudia, ikamwambia hivyo hivyo, kwa maneno yako, naye akarekebisha peke yake. Mara ya pili upande wa nyuma ukaipokea, na kompyuta yake ikamsomea ekstensheni zote za jengo, moja moja, na kila moja simu inakokwenda. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Aliisikiliza yote, dakika nzima, hedifoni masikio yote mawili, akawaacha wapigaji wangoje. Sidhani aliwahi kufanya hivyo katika miaka kumi na tisa.

Aliwaonyesha wakubwa. Walisikiliza, wakasema ni nzuri sana, na swichibodi itaondolewa vile vile. Nilikasirika kwa niaba yake; yeye hapana. Lakini mkuu wa kitengo cha kompyuta alibaki nyuma, akamwuliza nani amemwandikia. Akinyi akasema, "Mimi." Akauliza tena, akidhani hakusikia vizuri. Akasema tena, "Mimi." Amepewa miezi mitatu ya majaribio kwenye kitengo hicho, kupokea malalamiko ya watumiaji na kuyatafutia ufumbuzi. Ameanza Jumatatu iliyopita. Hatujui itakuwaje. Anasema meza ni ndogo na vijana wa pale wanaongea Sheng tupu, lakini wana simu, na simu anazijua.

Mimi nimerudisha cheo. Usishtuke. Nimebaki na watu watatu, naandika programu tena kwa mikono yangu, na Jumamosi ni zangu. Mama Simran ananifundisha kumimina chai nikiwa nimefumba macho na nimeshaunguza meza mara mbili. Kuna bwana mmoja wa Ngong Road, rafiki wa Akinyi, naye haoni, ameomba kuanza. Ameniambia moja kwa moja kwamba neno rudia linamchanganya na angependa jingine. Nimemwambia alete hoja zake, tutasikiliza.

Mama Simran ameingia na kapu la nguo. Anasema nikusalimie, na kwamba Simran ni mjamzito, na kwamba hilo nilipaswa kuliandika mwanzo kabisa. Samahani. Mjukuu, Paji. Atazaliwa mwezi wa pili au wa tatu.

Sitakuahidi kwamba Sikia itakuwa kubwa. Sitakuahidi hata kwamba sitachoka. Nakuahidi kwamba wanaonitegemea hapa hawatanisubiri bure: nikichoka nitawaambia nimechoka, nikishindwa nitawaambia nimeshindwa, mapema, kwa mdomo wangu, ili waweze kupanga mambo yao. Na kila nitakachoandika nitakisikiliza kwanza, macho yamefungwa, kabla sijampa mtu.

Pumzika, kaka yangu. Nimekusikia.

Njoki